Kata Tatu za Maji

Nilimbatiza mama yangu wa kunyonya bila yeye kujua. Nalisema hili mwanzo kabisa ili asiyetaka kuendelea aache hapa hapa, maana nimechoka kuwazungusha watu. Kwa karibu mwaka mzima nilimzungusha kila mtu: padri, ndugu zangu, wanafunzi wangu wa ubatizo, na yeye mwenyewe, aliyekuwa akinipokea mlangoni kwa mikono miwili.

Wazazi wangu walitoka Ukambani wakaja kukaa kwenye mashamba ya makazi, huku nyuma ya Msambweni, pale barabara inapoiacha minazi na kuanza kupanda vilima. Mimi nilizaliwa huku. Wiki ya pili baada ya kunizaa, mama yangu mzazi alishikwa na homa ya uzazi, akalazwa hospitali miezi miwili, maziwa yakamkauka. Nilimwita Mwaitu, kama Wakamba wamwitavyo mama, na yeye ndiye aliyenisimulia haya kabla hajafariki. Baba aliachiwa kichanga asijue la kufanya. Akawa ananinywesha uji mwepesi kwa kijiko, nami nikawa nautapika wote.

Jirani yetu wa upande wa chini alikuwa mwanamke wa Kidigo aliyejifungua mtoto wa kiume siku chache kabla yangu. Alikuja kumpa baba pole. Aliposikia kilio changu akauliza kwa nini sauti ya mtoto imekuwa nyembamba vile, na baba akamwonyesha kijiko. Hapa Mwaitu alikuwa akipenda sana kusimulia, ingawa hakuwapo: jirani alikaa kwenye kiti cha baba, akanipakata, akanipa titi la kulia, kwani la kushoto alishaliweka la mwanawe. Kisha akanifunga kwa leso akaenda nami kwake. Nilikaa huko mpaka Mwaitu alipotoka hospitali, na hata alipotoka niliendelea kwenda kunyonya kule, kwa sababu kwetu hakukuwa na kitu.

Kwa Wakamba jambo hilo lilikuwa wema wa jirani, wa kushukuriwa kwa kuku na gunia la mahindi. Kwa Wadigo, ambao ni Waislamu, lilikuwa zaidi ya hapo. Mtoto akinyonya kwa mwanamke mara tano akashiba, huyo amekuwa mtoto wake. Mume wa jirani alikwenda kumwuliza mwalimu wa madrasa, na mwalimu akataka kujua jambo moja tu, kama nilishiba. Wakamjibu kwamba nilishiba hata nikawa nacheua. Basi, akasema, mshapata binti. Kuanzia hapo wanawe wa kiume wakawa kaka zangu, haramu kunioa, halali kunishika mkono na kuniona kichwa wazi. Hakuna aliyeuliza mimi ni wa dini gani. Nilikuwa na umri wa wiki tatu.

Nilimwita Mayo, kama Wadigo wamwitavyo mama. Kwake nilikuwa na sahani yangu, na kofi langu pia, maana alinichapa kama alivyowachapa wengine. Alikuwa akishona makuti ya kuezekea hoteli za Diani, akikaa chini ameyanyoosha miguu, na nyumba nzima ilinuka majani makavu ya mnazi. Mwaitu aliona wivu kidogo, hilo nalijua. Nikirudi jioni nimeshiba wali wa nazi, alikuwa akiiweka chini sufuria ya githeri kwa kishindo na kusema kwamba mtoto wake amekuwa mgeni kwake. Lakini mimi nikiugua, ni yeye aliyemtuma mtu ampe Mayo habari.

Baba hakuwa mtu wa kanisa wala wa msikiti, alikuwa mtu wa shamba. Kanisani nilijipeleka mwenyewe nikiwa kidato cha pili. Nilifuata kwaya, sitadanganya, ila nilibaki kwa sababu ya somo moja. Katekista wetu, mzee wa Kitaita mwenye sauti ya kukwaruza, alitufundisha kwamba mtu hawi mtoto wa Mungu kwa sababu ya kabila lake, ukoo wake au tabia yake njema. Anafanywa mtoto. Anamwamini Kristo, anampokea, naye anapokewa nyumbani kama mtoto wa tumboni. Wenzangu walikuwa wakipiga miayo kwa joto. Mimi nilikuwa nalia. Nadhani nilimwelewa kuliko alivyojielewa mwenyewe, kwa sababu nilikuwa nimeshafanywa mtoto mara moja, bila damu na bila kustahili, na nilijua ladha yake. Niliamini siku ile pale pale kwenye benchi. Sijawahi kuacha kuamini, na pengine ndiyo maana haya yote yaliniuma vile.

Jioni hiyo nilikimbia mpaka kwa Mayo nikamwambia kwamba sasa mimi ni mtoto wa Mungu.

"Astaghfirullahi," akasema taratibu, sindano ya makuti ikiwa mkononi. "Mungu hazai, mwanangu. Sisi sote tu waja wake."

"Hazai, Mayo. Anatufanya tu. Kama wewe ulivyonifanya mimi."

Nilikuwa na miaka kumi na sita na kiburi cha kutosha kijiji kizima.

"Mimi nilikupa ziwa," akasema. "Hayo ya Mungu siyajui, nisije nikamvunjia adabu. Ninalolijua ni kwamba wewe u wangu. Haya, nipe hilo kuti."

Hatukuzungumza tena habari hiyo kwa zaidi ya miaka ishirini. Nilibatizwa, akanitumia sinia ya mabumunda siku hiyo ingawa hakuja. Nilipata kazi kwenye chumba cha kufulia cha hoteli moja Diani, nikapanga Ukunda, nikaolewa, nikaachika. Mwaitu alifariki, baba akamfuata. Mwishowe nikawa mimi ndiye ninayefundisha darasa la ubatizo parokiani kwetu, Jumamosi alasiri, na somo la tatu, lile la kufanywa watoto, nililifundisha kwa mikono yote miwili hewani. Watu walikuwa wakitoka vijiji vya mbali kulisikiliza, nami nilijua, na nilikuwa najisikia sana.

Kisha Mayo akaugua. Sukari aliyokaa nayo kwa miaka ilimpanda, kidonda kikamtoka mguuni kikagoma kupona, akalazwa Msambweni wiki tatu. Akarudishwa nyumbani amekonda, mdomo umemkauka, akilala mchana kutwa. Binti zake wawili wameolewa mbali, mmoja Vanga na mwingine Wasini, nao walikuwa wakija kwa zamu. Siku zangu za mapumziko zilikuwa Jumatano, basi Jumatano ikawa zamu yangu ya kumwogesha.

Kwenye jumuiya yetu ndogo ya Kikristo kule Ukunda kina mama walinijia juu. Hawakuwa watu wabaya. Walikuwa wamemwombea Mayo kwa jina, kila wiki, wakilia machozi ya kweli. Lakini mmoja wao, tuliyemheshimu sote kwa sala zake, alinishika mkono tulipokuwa tukifunga viti akaniambia, "Wewe una mlango ambao sisi hatuna. Yule mama unamwogesha, jamani. Atakufa hivi hivi, na wewe unafundisha watu?"

Ningemjibu vizuri sana kama swali lile lisingekuwa langu kabla ya kuwa lake. Kila nilipofundisha kwamba wanaoamini ndio wanaofanywa watoto, kulikuwa na upande wa pili wa maneno hayo ambao sikuusema, na upande huo ulikuwa na sura ya Mayo. Niliogopa. Sikuogopa kwamba atakufa. Mtu wa umri ule akiugua vile unajiandaa. Niliogopa kwamba atakufa akiwa si mtoto, na mimi nikiwa mtoto, na kwamba aliyenifungulia mlango wake nikiwa kichanga nitamwacha nje ya mlango wangu. Nilikuwa nafua mashuka ya wageni nikiwaza hilo, mashine zikinguruma, hadi msimamizi akaniuliza kama nina malaria.

Kumwambia sikuweza. Nilijaribu mara mbili. Mara ya kwanza alikuwa anasali kitandani kwa ishara za macho, kwa kuwa hakuweza kuinama, na nikaona haya. Mara ya pili nilianza, nikasema, "Mayo, nataka tuzungumze habari za Kristo," naye akasema kwa sauti hafifu, "Nabii Isa, amani iwe juu yake. Nampenda sana," akashikwa na usingizi.

Basi nikakumbuka mafunzo ya makatekista. Tulifundishwa kwamba mtu akiwa katika hatari ya kufa, na padri hayupo, muumini yeyote anaweza kumbatiza: maji safi, juu ya kichwa, mara tatu, na maneno yake. Tulifundishwa pia kwamba mgonjwa mwenyewe awe ametaka. Sehemu hiyo niliikumbuka pia. Niliipitia juu juu, kama mtu anavyoipita nyumba ya anayemdai.

Ilikuwa Jumatano, saa nne asubuhi, jua kali. Bafu lao liko nyuma ya nyumba, limezungushiwa makuti, halina paa. Nilimkalisha Mayo kwenye kiti cha plastiki, nikamfunga leso kifuani, nikauvika mguu wenye kidonda mfuko wa nailoni nikaufunga kwa mpira ili usilowe. Maji yalikuwa ya vuguvugu kwenye ndoo. Nilikuwa nayateka kwa kata, ile ya kifuu cha nazi yenye mpini mrefu, kwani kikombe cha plastiki hakukipenda, alisema kinamwaga maji bila heshima. Nilimsugua mgongo, mikono, kifua. Akawa ameyafumba macho, ananiachia mwili wake wote kama mtoto mdogo.

Nikateka kata ya kwanza nikammwagia kichwani.

"Mbona kichwani?" akauliza. "Leo si Ijumaa."

Midomo yangu ilikuwa inatamka yale maneno, kwa sauti ya chini ambayo hata mimi sikuisikia vizuri. Kata ya pili. Kata ya tatu. Maji yakamshuka usoni, akapangusa macho kwa kiganja, akanigeukia.

"Mwanangu," akasema, "waniosha mara tatu, kama maiti? Sijafa."

Nilikuwa nimesahau, au sikutaka kujua, kwamba kwao maiti huoshwa hivyo, mara tatu, na maji ya mwisho hutiwa karafuu maiti. Nilikuwa nimesimama na kata hewani, naye akanitazama, kisha akacheka, kicheko chake cha zamani nilichokuwa sijakisikia tangu alazwe.

"Na karafuu maiti umeisahau," akasema. "Kazi gani hii!"

Nami nikacheka. Mungu anisamehe, nilicheka naye, nikamkausha, nikamvika dera, nikamrudisha kitandani. Nikapanda bodaboda kurudi Ukunda, moyo umejaa furaha ya mwizi aliyefika kwake salama. Nilisema rohoni, ameingia. Hata akifa kesho, ameingia.

Hakufa kesho. Hakufa wiki ile wala mwezi ule. Walimbadilishia dawa, akaanza kuchomwa sindano za sukari, kidonda kikaanza kufunga. Baada ya miezi miwili alikuwa anatembea na fimbo mpaka jikoni kuwafokea watu kuhusu chumvi. Na jambo la kwanza alilomwambia kila aliyekuja kumjulia hali lilikuwa hili: "Aliniosha mtoto wangu wa Kikamba, nikapona. Siku ile ile nilihisi mwili umefunguka. Mkono wake una baraka."

Wageni walinigeukia na kuniombea dua. Wazee wa Kidigo, na kofia zao, walinyanyua viganja wakamwomba Mungu anilipe kheri kwa nilivyomfanyia mama yangu. Nilikuwa nakaa pale, kikombe cha chai kikinipoa mkononi.

Nilikuwa nimejiandaa kwa kifo chake, sikuwa nimejiandaa kwa uzima wake. Nilimwona akitawadha, akikaa kwenye kiti chake akielekea kibla, midomo ikimchezacheza, na nikajiuliza ni nani yule sasa. Kama maji yale yalikuwa na kazi, basi nilikuwa nimemfanya kitu ambacho angekikataa kwa nguvu zake zote, na kila siku anakikataa mara tano bila kujua. Kama hayakuwa na kazi, basi nilikuwa nimemdanganya bure. Njia zote mbili zilinipeleka mahali pabaya. Darasani, siku ya somo la tatu, kijana mmoja anayefanya kazi ya mapokezi hotelini aliniuliza, "Tichaa, sasa kama ni kwa imani, inamaanisha mtu hawezi kuingizwa kwa nguvu, ama?" Nilimjibu kwamba hapana, hawezi. Nikawaruhusu waende mapema. Nikasema kichwa kinaniuma, nacho kilikuwa kinauma kweli.

Nilikwenda kuungama. Padri wetu ni mdogo kwangu kwa miaka mingi, mtu wa bara, mpole hadi wakati mwingine anaudhi. Siku hiyo hakuwa mpole.

"Alitaka?" akaniuliza.

"Hapana, Padri."

"Alijua?"

"Hapana."

"Basi ulimlowesha nywele, mama. Imani haimwagwi kwa kata. Wewe ndiye mwalimu wa somo hilo, au nimekosea?"

Kwa kuwa nilikuwa bado natafuta mlango wa kutokea, nikamwuliza kama haiwezekani kwamba alipona kwa sababu ya ubatizo.

"Alipona kwa sindano," akasema. Akavuta pumzi. "Sikiliza. Mungu anamjua mama yako, na anampenda kukushinda wewe, na mimi sitakuambia zaidi ya hapo kwa kuwa sijui zaidi ya hapo. Lakini ulimwendea mtu mgonjwa, aliyekuamini na mwili wake, ukafanya naye jambo la siri. Msamaha wa Mungu nitakupa. Wa mama yako, nenda ukauombe mwenyewe."

Nikamwambia hajui anachokisema. Watanifukuza. Kaka yangu, yule niliyenyonya naye, akijua, sitaukanyaga ua ule tena. Sina baba, sina mama, sina mume, nina nyumba ile tu. Padri akaniambia anaelewa. Nikatoka kwa hasira, na kwa miezi minne sikwenda kuungama tena. Kumwomba Mungu niliendelea, lakini kila nilipofika kwenye neno Baba nilikuwa naliruka na kuanzia linalofuata.

Kilichonisukuma mwishowe hakikuwa ushujaa. Mayo alinipigia simu. Alitaka nimsindikize Kombani kwa jamaa yake mgonjwa, mwanamke wa rika lake, nikamwoshe na yeye. "Nimewaambia habari za mkono wako," akasema. "Wanakungoja."

Siku hiyo hiyo nilikwenda kwake. Ilikuwa baada ya adhuhuri, alikuwa peke yake barazani, amerudia kushona makuti, polepole, kuti moja kwa muda ambao zamani angeshona matano. Nilimwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba, akanipisha kwenye mkeka. Sikukaa. Nikamwambia nikiwa nimesimama, yote, kuanzia kina mama wa jumuiya hadi maneno niliyotamka. Nilimweleza ubatizo ni nini na kwa nini ni mara tatu. Nilisema haraka haraka, kama mtoto aliyevunja kitu.

Aliiweka sindano chini.

"Ulikuwa unaniingiza katika dini yako," akasema.

"Ndiyo, Mayo."

"Nami uchi."

"Ndiyo."

Kuku walikuwa wanaparuza chini ya mkorosho, na ninakumbuka niliwachukia wale kuku kwa namna walivyoendelea na shughuli zao.

"Uliniona naenda wapi," akauliza, "hata ukanishika hivyo?"

Sikuweza kulitamka. Nilisema niliogopa tutatengana. Nilisema nilitaka awe mtoto wa Mungu, kama mimi, ili tuwe pamoja. Alinisikiliza hadi mwisho. Alikuwa na macho makavu kabisa.

"Kwa hiyo miaka hii yote," akasema, "ukila hapa, ukilala hapa, ukiniita Mayo, ulikuwa ukiniona mtu wa motoni?"

Nimefundisha dini miaka kumi na mbili. Nina majibu ya maswali mengi, baadhi yake yamechapwa. Kwa swali lile jibu la kweli lilikuwa ndiyo. Nilikuwa nimekula wali wake nikiwaza hivyo. Nilipiga magoti pale kwenye mkeka nikalia, naye hakunigusa.

Baada ya muda akaniambia nimletee maji ya kutawadhia. Nikaleta. Akatawadha mbele yangu, mikono, kinywa, pua, uso, bila haraka, akipaka maji kichwani kwa kiganja chake mwenyewe, kisha miguu, akilipita kwa uangalifu kovu la kidonda. Akanyoosha kidole akatoa shahada, kwa sauti, kila neno mahali pake. Alikuwa anarudi nyumbani kwake, na alitaka nione. Sikuona ubaya. Niliona tu kwamba nilikuwa nimemlazimisha mama mzee arudi mahali ambapo hakuwahi kutoka.

"Hili lisitoke hapa," akasema. "Ndugu zako wakijua watakufukuza. Nami sijamfukuza mtoto wangu. Kombani hatutakwenda. Nitawaambia unaumwa."

Nikamwuliza kama amenisamehe.

"Nimekwambia sijakufukuza," akajibu. "Jengine usiniulize leo."

Alitimiza. Hakuna aliyejua. Aliendelea kuniita mwanangu, sahani yangu iliendelea kutolewa, na mtu wa nje asingeona tofauti. Lakini Jumatano iliyofuata, nilipoichukua ndoo, aliniambia niiweke chini, kwamba binti wa kaka yangu atamwogesha. Jumatano iliyofuata vile vile. Hata mkono wangu hakuushika tena aliponyanyuka kitini. Alikuwa akiitafuta fimbo. Kaka yangu aliona. Alinisindikiza hadi barabarani siku moja akaniuliza, "Dada, umemkosea nini Mayo?" Nikamwambia hajambo, ni uzee tu. Nikasema uwongo mwingine, nikaupanga juu ya ule wa kwanza.

Nilimwomba padri anipumzishe kufundisha. Alikubali bila maswali. Sikuacha kuamini. Watu wakinisikia nikisimulia hivi wanadhani niliacha, na ingekuwa nafuu. Bado naamini kwamba mtu anafanywa mtoto wa Mungu kwa kuamini, na kwamba ni kupewa, si kunyang'anya. Kuhusu Mayo sijui. Zamani kutojua kulinitia hofu nikashika kata. Siku hizi nakaa na kutojua kwangu, na kunanichoma, na sitafuti maji ya kukuzima.

Miezi saba ilipita hivyo. Mkesha wa Idi, asubuhi, nilikwenda kusaidia kukuna nazi. Nyumba ilikuwa imebaki na Mayo peke yake, wengine wameshuka Msambweni kununua nguo za watoto. Alikuwa amekaa barazani na leso mpya mapajani. Aliniitikia salamu, akanitazama nikiivuta mbuzi ya kukunia, akanitazama nikikaa.

"Iache hiyo," akasema. "Njoo uniogeshe."

Nilisimama kwa pupa hata nikaipiga teke nazi ikabingirika uani. Nilichemsha maji, nikayapooza, nikajaribu joto lake kwa kiwiko mara nyingi kuliko inavyohitajika. Nikamshika mkono hadi bafuni, naye akaniachia mkono wake. Nilimfunga leso. Nilimsugua mgongo, ambao ulikuwa umekonda kuliko nilivyouacha, kisha mabega, mikono, vidole kimoja kimoja, miguu. Nilikuwa nalia na sikujificha, na yeye alikuwa ananisikia.

Nilipomaliza miguu nikanyanyuka, nikateka maji kwa kata, nikabaki nimeishika.

Akanyoosha mkono.

"Kichwa nitaosha mwenyewe," akasema.

Nikampa kata. Aliiinua taratibu, maji mengi yakaishia begani na machache tu yakafika kwenye nywele. Akateka tena. Nilitamani sana kumshika kiwiko. Nilisimama kando na taulo mikononi, nikangoja amalize.